Seva ya Bure, Skrini ya Kulipia: Hesabu Ngumu ya Saiba za Shauri Moyo

Mwezi Juni unapoelekea ukingoni, saiba za Shauri Moyo na Gikomba jijini Nairobi hujaa kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka. Tarehe 30 ndiyo siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani za ushuru kwa KRA, na muuza mitumba ambaye mwaka mzima shughuli zake zote huishia kwenye simu hujikuta ameketi kwenye benchi, PIN mkononi, akingoja zamu. Wengine wamekuja kwa ajili ya eCitizen: cheti cha maadili mema, pasipoti, leseni ya udereva. Aliyemaliza kidato cha nne anataka kuchagua kozi kwenye tovuti ya KUCCPS. Viti ni vichache, foleni ni ndefu, na mwenye saiba anajua kwamba kila kompyuta iliyokwama ni pesa zinazotoka mlangoni na kwenda kwa jirani.

Kutokana na hali hiyo huzuka swali ambalo kila mwenye saiba amewahi kumuuliza fundi wake: viti vinane vinahitaji kompyuta nane kweli?

Kitaalamu, havihitaji. Kompyuta moja yenye nguvu inaweza kugawanywa ndani kwa ndani ikawa kompyuta kadhaa, kila moja na mfumo wake endeshi, faili zake na nywila zake, huku mbele ya mteja pakibaki skrini, kibodi na kidude kidogo cha kupokea picha kupitia waya wa mtandao. Kompyuta hizo za ndani ndizo mashine pepe. Programu inayozigawa, haipavaiza, imekuwa ikitolewa bure na kampuni kubwa za Marekani tangu mwaka 2006, na zipo nyingine za bure zisizo za kampuni yoyote. Basi inakuwaje saiba nyingi za mitaa hii ya Eastlands bado zina masanduku manane yakinguruma chini ya meza? Jibu limo katika namna soko lilivyopangwa, na ni vizuri wenye biashara ndogo walijue kabla hawajatumia pesa yao, kwa sababu bure iliyowekwa kwenye seva imeigusa bei ya skrini kwa njia ambazo tangazo halizitaji.

Mwaka bei ilipoanguka

Kampuni ya VMware ilianzishwa California mwaka 1998, na mwaka uliofuata ikatoa bidhaa yake ya kwanza, Workstation. Hiyo ilikuwa programu ya kompyuta ya mezani. Mtaalamu aliweza kuweka Linux ndani ya Windows, au kinyume chake, akajaribu mambo yake bila kuivuruga mashine anayoitegemea. Kufikia mwaka 2006 iliuzwa karibu dola 190. Baadaye zikafuata programu za seva, na huko ndiko pesa kubwa ilikokuwa: benki au shirika la simu lenye seva mia moja, kila moja ikitumia sehemu ndogo tu ya uwezo wake, lilikuwa radhi kulipa vizuri ili zibaki kumi.

Microsoft haikutaka kuachwa nyuma. Mwaka 2003 ilikuwa imenunua teknolojia ya Virtual PC kutoka kampuni ya Connectix, na sasa ilikuwa na bidhaa yake ya seva. Februari 2006 VMware ikatoa toleo la majaribio la VMware Server, ambayo ilikuwa programu yake ya seva ya kulipia, GSX Server, iliyobadilishwa jina na kuondolewa bei. Aprili, Microsoft ikajibu kwa kuitoa Virtual Server 2005 R2 bila malipo. Julai, VMware Server ikatoka rasmi, na mwezi huo huo Microsoft ikafuta bei ya Virtual PC pia.

Vita hivyo vilikuwa vya seva, lakini majeruhi wa kwanza alikuwa soko la mezani. VMware Server ilikubali kuwekwa juu ya Windows ya kawaida au Linux ya kawaida, kwa hiyo hakuna kilichomzuia mtu kuiweka kwenye kompyuta yake ya nyumbani na kuifanyisha kazi ile ile ya Workstation. Tofauti zilikuwepo. Workstation iliweza kuhifadhi picha nyingi za hali ya mashine ili urudi nyuma hatua baada ya hatua. Ile ya bure iliruhusu picha moja tu. Kwa mwandishi wa programu, hilo lilitosha kumfanya alipe. Kwa mwalimu, mwanafunzi au fundi anayetaka mashine ya kujaribia, halikutosha. Parallels nayo ilikuwa sokoni kwa dola 50 hivi. Januari 2007 kampuni ya Kijerumani, Innotek, ikaifanya VirtualBox kuwa programu huria. Chini ya miaka miwili tangu vita kuanza, mtumiaji wa kawaida wa Windows au Linux hakuwa tena na sababu ya kulipia mashine pepe ya mezani. Waliobaki wakilipa walikuwa watengenezaji wa programu na wenye kompyuta za Mac, ambao Parallels iliwauzia bidhaa ya dola 80 kuanzia Juni 2006.

Ungedhani VMware ilijikata mguu. La hasha. Agosti 2007 hisa zake ziliingia sokoni New York kwa dola 29, na siku hiyo hiyo zikafunga kwa dola 51. Wanunuzi wa hisa walikuwa wameelewa mpango: haipavaiza ya bure humwingiza mteja ndani, kisha anauziwa vifaa vya kuzisimamia seva zake zikishaongezeka. Mwaka huo huo Citrix ilitoa takriban dola milioni 500 kuinunua XenSource, kampuni iliyojengwa juu ya Xen, haipavaiza huria iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Cambridge.

Lakini kisa kinachoeleza vizuri kuliko vyote uhusiano wa seva na skrini ni cha Qumranet, kampuni changa yenye asili ya Israeli. Lengo la Qumranet lilikuwa kuuza deskitopu pepe, yaani mfanyakazi akae mbele ya kifaa chepesi huku Windows yake ikiendeshwa kwenye seva ya mbali. Ili biashara hiyo isimame, walihitaji haipavaiza, wakaiandika wenyewe na kuiita KVM, kisha wakaitoa huria. Februari 2007 ikaingizwa ndani ya kiini cha Linux, toleo la 2.6.20. Mwaka 2008 Red Hat ikainunua Qumranet kwa dola milioni 107. Bidhaa yao ya deskitopu ni wachache wanaoikumbuka leo. KVM waliyoitoa bure ndiyo inayobeba mashine za wingu la Google, na ndiyo msingi wa mfumo wa Nitro wa Amazon. Kilichokusudiwa kuwa mlango wa biashara ya skrini kikawa nguzo ya dunia nzima ya seva, na skrini yenyewe ikabaki bidhaa ndogo, ngumu kuuza.

Leseni, mahali pesa ilipojificha

Kwa nini ngumu? Haipavaiza ikishakuwa bure, mteja hugeuka akauliza kilichobaki kina bei gani, na kilichobaki katika deskitopu pepe ni Windows.

Hapa mwenye saiba anahitaji kusikiliza kwa makini, maana mafundi wengi hawalisemi. Leseni ya Windows iliyobandikwa kwenye kompyuta uliyonunua inaruhusu Windows itumike kwenye kompyuta hiyo. Haikupi ruhusa ya kuiendesha Windows ya mezani ndani ya seva na kuifungulia watu kupitia skrini za mbali. Kwa hilo Microsoft ilianzisha leseni nyingine, na tangu Julai 2010 imejulikana kwa jina la VDA: bei yake ilipoanza ilikuwa dola 100 kwa mwaka, kwa kila kifaa kinachotumika kuifikia deskitopu hiyo. Kwa viti vinane ni dola 800, ambazo kwa kiwango cha shilingi 129 kwa dola ni zaidi ya shilingi 103,000. Kila mwaka. Saiba iliyokuwa ikitoza shilingi moja kwa dakika huiona nzito hesabu hiyo, maana tayari kuna kodi ya chumba, stima, intaneti na mshahara wa kijana wa kaunta.

Njia nyingine ni kuitumia Windows Server, ambapo watumiaji wote wanaingia kwenye mfumo mmoja, kila mtu na kikao chake. Vidude vya NComputing, vidogo kama kitabu cha mfukoni, vilijipatia umaarufu mashuleni na kwenye saiba kwa njia hiyo: kompyuta moja, watumiaji wengi, gharama ndogo ya vifaa. Ila Windows Server nayo inadai leseni ya kila anayeingia, na ikisakinishwa bila leseni za vikao inatoa muhula wa siku 120. Siku ya 121 skrini zinakataa kufunguka, fundi anaitwa, anasakinisha upya, na mwenye saiba analipa kazi ile ile mara tatu kwa mwaka akidhani kompyuta yake ina virusi.

Programu ya bure ya seva haikuondoa gharama hizi hata kidogo. Ilichofanya ni kuziweka wazi. Zamani bei ya haipavaiza, bei ya seva na bei ya Windows zilikuja katika ankara moja, na muuzaji alizichanganya atakavyo. Bei ya kwanza ilipokuwa sufuri, mteja akaona kwamba skrini moja ya deskitopu pepe, ukijumlisha leseni, memori na diski za seva, inaweza kugharimu zaidi ya kompyuta nzima ya mtumba. Na Nairobi ni mji wa kompyuta za mtumba. Pale Luthuli Avenue na barabara za jirani, mashine ya ex-UK yenye prosesa ya Core i5 huuzwa kwa bei isiyofika shilingi 20,000, ikiwa na leseni yake ya Windows tayari imebandikwa ubavuni. Muuza deskitopu pepe anashindana na hiyo.

Memori nayo inadai haki yake. Windows 11 inataka GB 4 za RAM kama kiwango cha chini kabisa. Zidisha kwa viti vinane, upate GB 32, na seva yenyewe bado haijapata chochote cha kujiendeshea. Kwa hiyo unahitaji mashine ya GB 48 au 64, na hiyo haipatikani kwa bei ya mtumba wa kawaida. Nimewasikia wauzaji wakisema seva moja ya GB 16 itabeba viti kumi vya Windows. Haitabeba. Itafungua, itatambaa, na Juni 30 itazima ukiwa na watu ishirini kwenye benchi.

Gurudumu likageuka

Kwa karibu miaka kumi na minane mpangilio ulikuwa huo: haipavaiza ya seva ni ya bure, Workstation ni ya kulipia. Kuanzia Julai 2008 VMware iliitoa bure hata ESXi, ile inayokaa moja kwa moja juu ya chuma bila kuhitaji Windows wala Linux chini yake. Ilikuwa na mipaka, mashine pepe isizidi prosesa nane na programu za nje zisiruhusiwe kuichukulia nakala za akiba, lakini kwa ofisi ndogo, shule au mwanafunzi wa mitandao ilitosha. Kizazi kizima cha mafundi wa Kenya kimejifunzia kazi hapo.

Novemba 2023 kampuni ya Broadcom ikakamilisha ununuzi wa VMware. Mwezi uliofuata ikaacha kuuza leseni za kudumu. Kuanzia hapo ni kulipia kwa muhula. Februari 2024 ESXi ya bure ikaondolewa. Mei mwaka huo huo Workstation Pro, ile ile iliyokuwa na bei tangu 1999, ikatangazwa kuwa bure kwa matumizi binafsi, na Novemba ikawa bure kwa kila mtu, biashara zikiwemo. Kitengo chote cha deskitopu pepe za mashirika kikauzwa kwa wawekezaji wa KKR kwa takriban dola bilioni 4, kikapewa jina la Omnissa. Halafu Aprili 2025, bila kishindo, ESXi ya bure ikarudi.

Tazama mwenendo huo uone nguvu iliko. Mwaka 2006 seva ilifanywa bure na meza ikalipiwa. Mwaka 2024 meza ikafanywa bure na seva ikalipiwa. Mwaka 2025 kidogo kikarejeshwa. Hakuna fundi wa Shauri Moyo, Kisumu wala Mombasa aliyeulizwa, na kisheria hakuna sababu ya kumuuliza, kwa kuwa kilichokuwa kikitolewa kilikuwa ni mali ya mwenyewe na mwenyewe anaweza kukichukua.

Watu wa Shauri Moyo wanaijua tofauti ya kukaa na kumiliki. Mtaa huu ulijengwa mwishoni mwa miaka ya 1930, wakati serikali ya kikoloni ilipokuwa ikikibomoa kijiji cha zamani cha Pangani na kuwahamisha wakazi wake. Wenye nyumba zao walijikuta wakianza upya katika makao yaliyopangwa na baraza la mji. Hadi leo nyumba za zamani ni za kupanga kutoka kwa kaunti, na mtaa umetajwa katika mipango ya serikali ya nyumba za bei nafuu, kwa hiyo familia iliyokaa chumba kile kile vizazi viwili bado inasikilizia tangazo litasema nini. Programu ya bure ya kampuni ni nyumba ya namna hiyo. Unaweza kuishi vizuri ndani yake miaka mingi, ila barua ikija huna la kujibu.

KVM haina barua ya namna hiyo. Iko chini ya leseni huria, imo ndani ya Linux, na hata Red Hat ikiamua kesho kuachana nayo, kilichokwisha kutolewa hakirudi. Hapo ndipo ninapotaka mafundi wetu waelekeze nguvu. Nasema hivi nikijua kwamba Windows haitaondoka saiba kwa kishindo na kwamba mteja akiona skrini isiyofanana na aliyoizoea hulalamika. Lakini angalia kazi zenyewe. eCitizen ni ya kivinjari. KUCCPS ni ya kivinjari. HELB ya mikopo ya wanafunzi ni ya kivinjari. Barua ya kuomba kazi huandikwa vizuri tu kwenye LibreOffice. Kinachobaki kikidai Windows ni fomu chache za Excel zenye makro na programu fulani za uhasibu, na hizo zinaweza kuwekewa kompyuta moja au mbili zenye leseni zake halali, mlangoni, karibu na printa.

Hili ni pigo jingine kwa soko la deskitopu pepe, na limetoka upande ambao wauzaji hawakuutazamia. Kadiri kazi zinavyohamia kwenye kivinjari, ndivyo Windows ya mbali inavyopoteza sababu ya kulipiwa. Wakati huo huo Windows 10 iliacha kupata msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inakataa mashine nyingi za zamani: inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa prosesa za Intel inaanzia takriban kizazi cha nane. Sehemu kubwa ya ex-UK zilizomo saiba za Eastlands hazifiki hapo. Mwenye nazo ama azitupe, ama aendelee kwa hatari, ama azigeuze ziwe madirisha ya kutazamia seva moja iliyo nzima. Kwa hiyo ninaamini hesabu ya deskitopu pepe inaanza kuleta maana mtaani sasa, kwa mara ya kwanza, na inaleta maana kwa Linux.

Jinsi inavyofanyika

Chukua Proxmox, programu huria iliyoanza mwaka 2008 na inayotengenezwa Vienna, Austria. Ndani yake ni KVM. Fundi anaipakua, anaiandika kwenye flashi, anachomeka kwenye mashine na kuiwasha huku akibonyeza F2 au F10, kutegemea ni Dell au HP. Kwenye BIOS anatafuta mstari unaosema VT-x, teknolojia ambayo Intel ilianza kuiweka kwenye prosesa mwaka 2005, na kwenye mashine nyingi za mtumba anaikuta imezimwa. Mafundi wengi hukwama hapo, wakaisingizia programu. Anaiwasha, anahifadhi, anaanzisha upya. Usakinishaji unachukua muda wa chai. Ikishamaliza, skrini ya seva inabaki nyeusi na anwani moja yenye namba 8006 mwishoni. Kazi iliyobaki yote inafanyiwa kwenye kivinjari cha kompyuta nyingine.

Mara ya kwanza kuingia kunatokea kidirisha kinachosema huna usajili halali. Wengi hushtuka na kudhani siku 120 zimeanza kuhesabiwa. Hapana. Usajili ni wa anayetaka masahihisho yaliyopimwa zaidi na msaada. Wa chini kabisa ni zaidi kidogo ya yuro 100 kwa mwaka kwa kila soketi ya prosesa. Usipolipa, mashine zako zinaendelea kufanya kazi zote. Fundi anatengeneza mashine pepe moja ya Linux, anaipamba kwa lugha, printa na kivinjari, kisha anaigeuza kuwa kiolezo. Kutoka hapo anazalisha nane, kila moja dakika chache. Mteja akiharibu, akipakua uchafu au akiacha faili zake za siri, mashine inafutwa na kuzaliwa upya kabla mwingine hajaketi. Kwa saiba, usalama huo una thamani kuliko akiba ya vifaa, kwa sababu watu huacha pale nywila za KRA na picha za vitambulisho.

Linux nyepesi huridhika na GB 2. Nane ni GB 16, na mashine ya GB 32 inabaki na nafasi ya kutosha. Picha husafirishwa kwa itifaki ya SPICE, ambayo pia ilitoka kwa wale wale wa Qumranet na kufanywa huria mwaka 2009. Mradi mwingine wa zamani zaidi, LTSP, ulioanza 1999, hauhitaji hata mashine pepe: kompyuta dhaifu huwashwa kwa kutumia mfumo ulio kwenye seva. Kwa saiba yenye viti vichache, ningeanzia na huo.

Kinachostahili tahadhari ni VirtualBox, ambayo wanafunzi wengi wanaijua. Kiini chake ni huria. Kile kifurushi cha ziada cha Oracle, mmiliki wake wa sasa, ambacho ndani yake mna uwezo wa kuionyesha mashine pepe kwenye skrini ya mbali, ni bure kwa matumizi binafsi na ya kielimu tu. Saiba ni biashara. Chuo kinachofundisha kinaweza kukitumia. Mwenye saiba anayekiweka ili apate skrini nane anadaiwa leseni bila kujua.

Kisha kuna stima. Masanduku manane yanaharibika moja moja. Seva ikifa, viti vyote vimekufa, na Agosti 2023 tuliona nchi nzima ikiingia gizani kwa saa nyingi. Hesabu ya UPS lazima iwe ndani ya bajeti tangu mwanzo, pamoja na diski ya pili ya nakala za akiba isiyokaa ndani ya seva hiyo hiyo. Faraja ni kwamba UPS moja nzuri inalinda seva moja, na vidude vya mezani vinakula umeme kidogo sana kulinganisha na kompyuta kamili, kwa hiyo tokeni za stima hudumu zaidi.

Serikali yenyewe imeingia katika njia hii kwa kiwango kikubwa. Mpango wa Jitume umepeleka katika maabara za vyuo vya ufundi vifaa vyepesi vinavyoegemea kituo cha data cha taifa kilichoko Konza, kilomita 60 hivi kutoka Nairobi. Ni hatua ninayoiunga mkono, kwa kuwa imewafikishia deskitopu vijana ambao wasingeipata. Ila maabara inayotegemea waya hadi Konza hukaa kimya waya ukikatika, na mwanafunzi aliyeketi mbele ya kifaa hicho anafundishwa kutumia, hafundishwi kujenga. Si mbali na Shauri Moyo kuna Kamukunji, mahali ambapo mafundi wa jua kali wanakunja bati kuwa masanduku ya shule na majiko bila kungoja kiwanda. Rais Moi alipowatembelea mwaka 1985, walikuwa wakipiga nyundo juani, na vibanda vikafuata. Ningependa kuona kila chuo cha ufundi chenye maabara ya Jitume kikiwa pia na seva moja kuukuu pembeni, ambayo wanafunzi wanaruhusiwa kuifungua, kuivunja na kuisakinisha upya.

Na ambaye hata seva kuukuu hana, uamuzi wa Broadcom wa Novemba 2024 umemwachia kitu cha kutumia maadamu kipo. Mwenye laptopu ya GB 16 anaweza kupakua Workstation Pro bila malipo, akatengeneza ndani yake mashine pepe ya GB 8, na kwenye mipangilio ya prosesa akaweka alama penye kisanduku kinachoruhusu VT-x ipite hadi ndani. Bila alama hiyo mashine za KVM zitakazokuwa ndani zitakataa kuwaka. Ndani ya mashine hiyo anasakinisha Proxmox, na ndani ya Proxmox anawasha Linux mbili nyepesi. Zitakuwa za polepole, mashine ndani ya mashine ndani ya mashine, lakini kila kitu atakachokutana nacho kwenye saiba ya viti vinane kimo humo: kiolezo, nakala, mtandao wa ndani, akiba, na hitilafu za kila namna.

Akishaweza kuzifuta zote mbili na kuzirudisha kutoka kwenye nakala ya akiba bila kutazama maelezo, yuko tayari kwenda kumwambia mwenye saiba bei yake, na katika bei hiyo aandike kazi ya mikono yake kwenye mstari wa kwanza, kwa sababu programu haitakuwa na mstari wowote.